Utambuzi wa kaktasi za nyumbani

Utambuzi wa kaktasi za nyumbani ni kazi ya kupata jina sahihi la kaktasi ndogo iliyonunuliwa bila jina, angalau kwa kiwango cha jenasi na ikiwezekana hadi spishi. Kaktasi, zinazoitwa pia midungusi kakati, ni mimea ya familia Cactaceae. Katika jiji la Dar es Salaam huuzwa kwenye bustani za miche kando ya barabara, zikiwa kwenye vikopo, vyungu vidogo au viriba. Wanunuzi huzipanga barazani, dirishani au juu ya ukuta wa uzio.

Muuzaji kwa kawaida huita mimea yote yenye miiba na shina nene "kaktasi". Kati ya hiyo, mingi si kaktasi kabisa bali ni jamaa za mnyaa, yaani mimea ya jenasi *Euphorbia*, ambayo utomvu wake mweupe unaweza kuumiza macho vibaya. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la utambuzi si "Hii ni kaktasi gani?" bali "Je, hii ni kaktasi?"

## Jina

Neno kaktasi limetokana na Kigiriki *kaktos*, lililokuwa jina la mmea mwingine wenye miiba. Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi Carolus Linnaeus alilitumia kwa Kilatini, *Cactus*, kuwa jina la jenasi moja iliyobeba kaktasi zote alizozijua. Leo jenasi hiyo imegawanywa katika jenasi zaidi ya 100, na spishi zinazokubalika zinakadiriwa kuwa kati ya 1,500 na 1,800.

Katika Kiswahili jina mdungusi kakati limo katika kamusi, lakini mitaani husikika zaidi kaktasi. Mpungate ni jina la kaktasi za jenasi *Opuntia*, zenye mashina bapa na matunda yanayoliwa.

## Biashara ya miche Dar es Salaam

Bustani za miche ziko kando ya barabara kuu na za mitaa katika sehemu nyingi za Kinondoni na Temeke, kuanzia maeneo ya katikati hadi pembezoni kama Tegeta, Bunju, Mbagala na Chamazi. Sehemu kubwa ya bidhaa ni miti ya matunda, miti ya kivuli, ukoka na maua ya bustani. Mimea midogo yenye miiba huchukua nafasi ndogo, na mara nyingi huzidishwa kwa vipandikizi vinavyotoka bustani moja kwenda nyingine. Kila mmea unapokatwa na kugawanywa, jina lake huachwa nyuma. Mche wa tatu au wa nne kutoka kwa mmea mama hufika sokoni ukiwa na bei tu.

Hivyo mnunuzi hana budi kutegemea mmea wenyewe. Jambo jema ni kwamba kaktasi hubeba alama zake mwilini, na alama kubwa zaidi huonekana kwa macho au kwa kioo cha kukuzia cha bei ndogo.

## Kaktasi au jamaa ya mnyaa?

### Areoli

Alama inayotenganisha kaktasi na mimea mingine yote ni *areoli*. Hii ni doa dogo lililoinuka kidogo, mara nyingi lenye manyoya mafupi kama pamba au mahameli. Miiba, matawi na maua ya kaktasi hutoka katika areoli. Kila kaktasi ina areoli, hata ile isiyo na miiba. Hakuna mmea wa familia nyingine wenye areoli za namna hiyo.

Miiba ya kaktasi ni majani yaliyobadilika, nayo hutoka kwa kundi: miwili, mitano, ishirini au zaidi katika doa moja. Ukivutwa, mwiba huo hung'oka peke yake na shina hubaki zima.

Kwenye *Euphorbia* hakuna doa la manyoya. Miiba yake ni sehemu ya ngozi ya shina, na mara nyingi hukaa miwili miwili kama pembe za ng'ombe kwenye ukingo wa ubavu. Ukivunjwa, hutoka na kipande cha ngozi, na jeraha hilo hutoa utomvu.

### Utomvu

Jamaa zote za mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa zinapojeruhiwa. Kaktasi nyingi hutoa maji yasiyo na rangi. Hata hivyo maziwa si ushahidi kamili, kwa kuwa baadhi ya kaktasi za jenasi *Mammillaria* pia zina utomvu mweupe. Mtu akitegemea maziwa tu anaweza kuitupa kaktasi halali akidhani ni mnyaa. Ushahidi wa kutegemewa ni areoli. Hakuna haja ya kukata mmea ili kuutambua.

### Hatari kwa macho

Utomvu wa *Euphorbia* huwasha ngozi, na ukiingia jichoni husababisha maumivu makali, uvimbe na kuathirika kwa kioo cha jicho. Baadhi ya watu hupoteza uwezo wa kuona kwa muda, na asipotibiwa mtu anaweza kupata madhara ya kudumu. Ajali hii hutokea hasa wakati wa kupogoa au kuhamisha mmea, mtu anapojifuta jasho usoni kwa mkono wenye utomvu. Watoto wako hatarini zaidi kwa sababu maziwa ya mmea huwavutia kuchezea.

Huduma ya kwanza ni kuosha jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha kwenda hospitali. Maziwa ya mama, dawa za mitishamba au matone yaliyobaki nyumbani hayafai kutiwa jichoni. Kipande cha mmea au picha yake huwasaidia wauguzi kujua chanzo cha madhara.

Watu wa bara wanaijua hatari hii kwa sababu mnyaa (*Euphorbia tirucalli*) umepandwa kuwa uzio wa boma tangu zamani, na watoto huonywa mapema wasiuvunje. Mnyaa wa uzio hauna miiba na kila mtu anaujua. Jamaa yake mwenye miiba, aliyewekwa katika chungu kizuri na kuitwa kaktasi, hana wa kumwonya.

### Jamaa za mnyaa zinazouzwa sana

* *Euphorbia milii*, asili yake Madagaska: vijiti vyenye miiba mingi, majani ya kijani na maua mekundu, ya waridi au ya njano.
* *Euphorbia trigona*: nguzo za pembe tatu zenye mabaka meupe na majani madogo kwenye kingo.
* *Euphorbia lactea*, kutoka Asia ya kusini: mara nyingi huuzwa ikiwa na umbo la kishungi kilichokunjamana, iliyobebeshwa juu ya shina la *Euphorbia* nyingine.
* *Euphorbia ingens* na *Euphorbia candelabrum*: miti mikubwa ya Afrika, ambayo miche yake hufanana na kaktasi za nguzo.
* *Euphorbia obesa*, kutoka Afrika Kusini: mviringo kama mpira, bila miiba, hufanana sana na kaktasi *Astrophytum asterias* ya Meksiko.

Kufanana huku hakutokani na udugu. Kaktasi zilitokea Amerika, na *Euphorbia* nene nyingi zilitokea Afrika. Pande zote mbili mimea ilikabiliwa na ukame, ikaishia kuwa na shina la kuhifadhi maji, majani machache au yasiyokuwepo, na miiba. Ni kama popo na ndege: wote wana mabawa, lakini hawakuyapata kwa babu mmoja.

## Mimea mingine inayoitwa kaktasi

Mbali na *Euphorbia*, mimea mingine huuzwa kwa jina la kaktasi:

* Mishubiri (*Aloe*) na jamaa zake *Haworthia* na *Gasteria*. Hii ina majani manene yaliyopangwa kama waridi. Meno ya mshubiri yako ukingoni mwa jani, si katika areoli.
* *Sansevieria*, jamaa za katani mwitu, ambazo siku hizi huwekwa katika jenasi *Dracaena*. Ni majani yaliyosimama, bapa au ya mviringo kama fimbo.
* *Adenium obesum*, mmea wa asili wa Afrika Mashariki wenye shina lililovimba chini na maua ya waridi. Utomvu wake ni sumu, na katika sehemu mbalimbali za Afrika umetumika kutengeneza sumu ya mishale.
* *Pachypodium lamerei* wa Madagaska, wenye shina la miiba na kichwa cha majani marefu kama mnazi mdogo.
* *Stapelia* na *Huernia*, zenye mashina laini ya pembe nne na maua yenye umbo la nyota. Maua hayo hunuka kama nyama iliyooza ili kuvutia nzi.

Hakuna hata mmoja kati ya hii wenye areoli.

## Sehemu za kuangalia

Baada ya kuthibitisha areoli, mambo yafuatayo huandikwa kwa kila mmea:

* Umbo la shina: mpira, nguzo, bapa, kamba inayoning'inia, au vipande vilivyoungana.
* Mbavu au vinundu: mbavu ni migongo inayoshuka kutoka kileleni hadi chini, nayo huhesabiwa. Vinundu ni chuchu ndogo zilizotengana, zilizopangwa kwa mzunguko.
* Miiba: ile ya pembeni inayolala kuzunguka areoli na ile ya katikati inayosimama huhesabiwa tofauti. Rangi, urefu kwa milimita, na kama ncha imenyooka au imepinda kama ndoana ni mambo muhimu.
* Glokidi: nywele fupi sana zenye vimeno vinavyorudi nyuma, zilizojaa katika areoli kama brashi. Hupatikana kwa *Opuntia* na jamaa zake wa karibu tu.
* Manyoya: kama yapo, yako kileleni, katika areoli au kati ya vinundu.
* Ua: mahali linapotoka, rangi, urefu wa mrija wake, na kama nje ya mrija huo kuna manyoya, miiba au magamba laini.
* Tunda: rangi, umbo, na kama lina miiba.

Ua ndilo linaloamua mara nyingi. Kaktasi mbili zinaweza kufanana kama mapacha kwa miezi kumi na moja, kisha moja ikatoa ua kutoka kileleni na nyingine kutoka ubavuni, ikajulikana kuwa si jenasi moja.

## Ufunguo mfupi wa utambuzi

Ufunguo huu unahusu kaktasi ndogo zinazofugwa sana majumbani. Hausomwi kwa kubahatisha bali kwa mfuatano.

1. Je, kuna areoli? Kama hakuna, mmea si kaktasi. Kama zipo, nenda 2.
2. Je, areoli zina glokidi? Kama zipo: shina bapa ni *Opuntia*, shina la mviringo kama fimbo ni jamaa zake, kwa mfano *Austrocylindropuntia*. Kama hazipo, nenda 3.
3. Je, shina ni laini, halina miiba mikali, nalo ni bapa au linaning'inia? Vipande vifupi bapa vilivyoungana ni *Schlumbergera*. Mikono mirefu bapa kama majani ni *Epiphyllum* au chotara zake. Kamba nyembamba za kijani ni *Rhipsalis*. Kama sivyo, nenda 4.
4. Je, shina ni refu kama nguzo tangu likiwa changa? Nguzo nene ya kijani-bluu yenye mbavu chache zilizochongoka huenda ni *Cereus*. Nguzo ndogo nyingi zilizosongamana kama minara ni aina ya bustani ya *Acanthocereus tetragonus*. Kama shina ni mpira au ni fupi, nenda 5.
5. Je, kuna vinundu vilivyotengana badala ya mbavu? Ua likitoka kati ya vinundu, mara nyingi kwa duara kama taji, ni *Mammillaria*. Ua likitoka kileleni kabisa na kinundu kikiwa na mfereji juu yake, ni *Coryphantha*. Kama kuna mbavu, nenda 6.
6. Ngozi yenye nukta ndogo nyeupe: *Astrophytum*. Chipukizi la ua lenye magamba laini bila manyoya wala miiba: *Gymnocalycium*. Mrija mrefu wa ua wenye manyoya, unaotoka ubavuni: *Echinopsis*. Ua fupi la kileleni lenye chipukizi la manyoya mengi: *Parodia*. Mbavu nyingi na miiba migumu ya rangi ya dhahabu, bila ua kwa miaka mingi: *Kroenleinia grusonii*.

## Kaktasi zinazofugwa sana

*Mammillaria* ni moja ya jenasi kubwa za familia hii, na spishi zake nyingi ni za Meksiko. *M. elongata* ina mashina kama vidole na miiba ya dhahabu iliyotandazwa kama nyota. *M. hahniana* ina nywele nyeupe zinazoifunika kama mzee wa mvi, na maua mekundu ya zambarau.

*Opuntia microdasys* ina bapa ndogo zenye vidoti vya dhahabu, vyeupe au vya hudhurungi. Kwa kuwa haina miiba mirefu, wengi huidhania kuwa salama kuishika. Vidoti hivyo ni glokidi kwa mamia, ambazo huingia katika ngozi na kuwasha kwa siku kadhaa. Huondolewa kwa kubandika selotepu na kuivuta, na nyingine kwa kibano. Kuzisugua huzisukuma ndani zaidi.

*Gymnocalycium mihanovichii* ya rangi nyekundu, njano au chungwa ni kaktasi ya mimea miwili. Kichwa chenye rangi hakina klorofili ya kutosha kujitengenezea chakula, hivyo hubebeshwa juu ya shina la kijani la pembe tatu, kwa kawaida *Selenicereus undatus*. Aina hizi zilianza kuzalishwa Japani katika miaka ya 1940. Kichwa kinaweza kufa baada ya miaka michache, lakini shina la chini likaendelea kuchipua. Mwenye mmea akiliacha likue hugundua kuwa amebaki na mpitaya, uleule unaozaa tunda linaloitwa dragoni sokoni.

*Kroenleinia grusonii* ni mpira wenye miiba ya dhahabu. Kwao, Meksiko, iko hatarini kutoweka, ijapokuwa huzalishwa kwa mbegu kwa wingi katika bustani za dunia.

*Epiphyllum oxypetalum* ina mikono bapa mirefu na ua kubwa jeupe lenye harufu nzuri, linalofunguka usiku na kunyauka alfajiri. *Schlumbergera* hutoka milima yenye misitu ya Brazili, ambako maua yake huonekana karibu na mwezi Mei. *S. truncata* ina meno yaliyochongoka kwenye kingo za vipande vyake, chotara *S.* × *buckleyi* ina kingo za mawimbi ya duara.

## Makosa ya kawaida

Mmea mchanga kudhaniwa kuwa spishi nyingine. *Kroenleinia grusonii* changa ina vinundu vinavyofanana na vya *Mammillaria*, na mbavu hutokea baadaye. Hivyo mche wa ukubwa wa ndimu unaweza kupewa jina lisilo lake.

Umbo lililoharibiwa na kivuli. Kaktasi iliyokaa muda mrefu mahali penye giza hurefuka, hupauka na kutoa miiba dhaifu. Mpira hugeuka nguzo. Mmea kama huo hautambuliwi kwa umbo mpaka utoe sehemu mpya kwenye mwanga wa kutosha. Huzoeshwa jua polepole, kwa sababu Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na mmea uliotoka kivulini huungua.

Maua ya kubandika. Katika biashara ya kaktasi duniani, maua makavu hubandikwa kwa gundi juu ya kaktasi ndogo, na nyingine hupuliziwa rangi. Ua la kweli hutoka katika areoli au kati ya vinundu, na kwa kaktasi nyingi hunyauka baada ya siku chache. Lile linalokaa miezi bila kubadilika, gumu kama karatasi, halitoi ushahidi wowote wa spishi.

Kuamini programu ya simu bila kuhakiki. Programu za kutambua mimea hulinganisha picha. Huweza kutoa jina la kaktasi kwa *Euphorbia*, hasa picha ikipigwa mbali. Jina lililopendekezwa ni mwanzo wa uchunguzi: huhakikiwa kwa areoli, hesabu ya mbavu na ua.

Majina mawili kwa mmea mmoja. Uainishaji hubadilika. *Kroenleinia grusonii* ilijulikana kama *Echinocactus grusonii* hadi jenasi yake mpya ilipopendekezwa mwaka 2014, na vitabu vingi bado vina jina la zamani. *Notocactus* imeingizwa katika *Parodia*, na *Lobivia* iliwahi kuingizwa katika *Echinopsis*. Vyanzo viwili vikitofautiana, huenda vyote vinasema kuhusu mmea uleule.

## Lebo na kumbukumbu

Kaktasi isiyojulikana hupewa namba siku ileile inaponunuliwa. Katika daftari huandikwa namba hiyo, tarehe, mahali iliponunuliwa, jina alilolitaja muuzaji, na vipimo vya shina na miiba. Picha tatu hutosha kwa kuanzia: mmea mzima kutoka ubavuni, kilele kutoka juu, na areoli kwa karibu kando ya rula. Ua likitokea, hupigwa picha likiwa limefunguka, kwani baadhi hudumu usiku mmoja tu.

Lebo zinaweza kukatwa kutoka kopo la mtindi au ndoo ya plastiki iliyochakaa. Maandishi ya penseli hudumu kuliko ya kalamu ya wino, ambayo hufutika kwa jua na maji. Lebo huchomekwa ndani ya udongo, na namba hiyohiyo huandikwa chini ya chungu ili isipotee watoto au kuku wakiichomoa lebo.

Jina huandikwa kwa kadiri ya ushahidi uliopo. "*Mammillaria* sp." maana yake ni spishi isiyojulikana ya jenasi hiyo, na ni jibu halali. Kuandika jina kamili la kukisia huleta hasara, maana anayepewa kipandikizi hulichukua kosa hilo pamoja na mmea.

## Umuhimu wa utambuzi

### Matunzo

Kosa linaloua kaktasi nyingi ni kuzipa zote matunzo ya aina moja. *Mammillaria* na *Astrophytum* hutoka nchi kavu. Katika Dar es Salaam, ambako mvua hufikia takribani milimita 1,100 kwa mwaka na hewa ina unyevu, huoza mizizi zikiachwa nje wakati wa masika, Machi hadi Mei. Huhitaji paa juu yake, mwanga mwingi na udongo unaopitisha maji haraka. *Schlumbergera*, *Epiphyllum* na *Rhipsalis* huishi juu ya miti msituni. Hizo hutaka kivuli chepesi na udongo wenye mboji, na hunyauka zikitendewa kama mimea ya jangwani.

Mchanga unaofaa kuchanganywa ni ule wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayodhuru mizizi. Mche mpya hutengwa na mingine kwa wiki chache, na vidung'ata weupe kama pamba hutafutwa kati ya vinundu. Mgeni wa kaktasi anaweza kudhani kuwa wadudu hao ni manyoya ya mmea wenyewe. Manyoya ya areoli hupangika kwa utaratibu, lakini vidung'ata hujikusanya ovyo na hutoka wakiguswa kwa kijiti.

### Mazingira

Kaktasi kadhaa zimekuwa magugu hatari nje ya Amerika. Katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya, *Opuntia stricta* imeenea katika malisho, ikizuia nyasi na kujeruhi midomo na matumbo ya mifugo inayokula matunda yake. Ili kuipunguza, mdudu *Dactylopius opuntiae* anayefyonza kaktasi hiyo ameachiliwa huko. *Austrocylindropuntia subulata* nayo imeenea sehemu za Kenya baada ya kupandwa kuwa ua wa nyumba na mashamba.

Kipande kimoja cha *Opuntia* kilichodondoka ardhini huweza kuota mizizi. Kwa hiyo mabaki ya kupogoa hayafai kutupwa kichakani, bondeni au kwenye kiwanja kitupu pembezoni mwa jiji. Hukaushwa kabisa au kuchomwa. Mabaki ya *Euphorbia* hayachomwi karibu na watu, kwa sababu moshi wake nao huwasha macho.

### Sheria

Karibu kaktasi zote na *Euphorbia* nene nyingi zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, uliosainiwa mwaka 1973. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Baadhi ya mimea ya bustani, kama *Gymnocalycium mihanovichii* zenye rangi zilizobebeshwa na chotara za *Schlumbergera*, imeondolewa katika masharti hayo. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa asilimia 31 ya kaktasi zilizochunguzwa ziko hatarini kutoweka, na moja ya sababu ni kuchimbwa porini kwa ajili ya wakusanyaji. Anayetaka kuleta mche kutoka nje huhitaji pia kibali cha afya ya mimea, kazi inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

## Kaktasi ya asili ya Tanzania

Kaktasi zote ni za asili ya Amerika, isipokuwa moja. *Rhipsalis baccifera* hupatikana kiasili katika Amerika ya joto na pia Afrika, Madagaska na Sri Lanka. Katika Tanzania huota juu ya miti ya misitu ya milimani, ikiwemo ya Usambara. Haina miiba ya kuonekana. Mashina yake huning'inia kama nyuzi za kijani, na matunda yake madogo hufanana na shanga. Wataalamu hujadili jinsi ilivyovuka bahari. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba mbegu zake za kunata zilisafirishwa na ndege.

Kwa hiyo mmea wenye miiba uliochimbwa porini Tanzania na kuuzwa kama "kaktasi ya asili" si wa asili kama kweli ni kaktasi, na kama ni wa asili, si kaktasi. Mara nyingi ni *Euphorbia*.

## Msaada wa wataalamu

Mimea inayoshindikana kutambuliwa nyumbani inaweza kupelekwa kwenye hebaria, yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa majina. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria katika idara yake ya botania, na Hebaria ya Taifa iko Arusha. Kitabu kikuu cha mimea ya pori ya eneo hili ni *Flora of Tropical East Africa*, kilichotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1952 hadi 2012. Kinafaa zaidi kwa *Euphorbia* za nchini kuliko kaktasi za bustani.

Mtaalamu huhitaji yaleyale yaliyomo katika daftari: vipimo, picha ya areoli, ua na mahali mmea ulipotoka. Kukiwa na utomvu mweupe, jambo hilo hutajwa kwanza kabla mtu hajaushika mmea.